Kisima Chenye Dirisha

Nimechoka kuzungumza juu ya maji. Nayasema haya mapema ili anayesoma asije akangoja hotuba. Sehemu kubwa ya miaka ya tisini niliimaliza nikiwaambia watu wa Mombasa wachemshe maji ya kunywa, wasichimbe choo ubavuni mwa kisima, wasimwage uchafu ufukoni halafu wakashangaa samaki wamehama. Walinisikiliza kwa adabu. Watu wa Mji wa Kale hawabishani na mtu. Humkubalia, humkaribisha kahawa, humwombea dua, kisha hufanya lile lile walilokuwa wakilifanya jana. Nadhani katika miaka yote ile nilimgeuza mtu mmoja tu, naye ni shangazi yangu, dada yake baba. Ndiyo maana namwandika yeye.

Shangazi alikaa Kibokoni, humo humo Mji wa Kale, katika nyumba ya mawe aliyoachiwa na mumewe, na uani mwa nyumba hiyo mlikuwa na kisima. Hilo si ajabu, nyumba nyingi za kule zilijengwa na visima vyake. Ajabu ilikuwa dirisha. Kisima kilijibana kwenye ukuta wa kichochoroni, na shangazi alimwita fundi akautoboa ukuta huo, akatia ubao wa kuegemea na kapi ya kamba, ili mpita njia yeyote aweze kuteka maji bila kubisha hodi. Alifanya hivyo mwaka aliofiwa na mwanawe, mtoto wa pekee aliyemzaa, msichana ambaye hata chuoni kusoma Kurani alikuwa hajaanza kupelekwa. Mimi sikumdiriki, nilizaliwa baadaye. Kisima kilikuwa sadaka ya mtoto huyo, ile sadaka ya kudumu isiyokatika: kila anayekata kiu pale, thawabu zamwendea yeye. Jirani mmoja mjuaji aliwahi kumwambia shangazi kwamba mtoto mdogo hana dhambi, hahitaji kutolewa kitu. Shangazi akamwuliza, "Kwani zawadi hupawa mwenye shida tu?"

Kila alasiri, akishaswali, alitandika mkeka wake kando ya kisima, upande wa ndani, akakaa kushona kofia. Aliyekuwa nje hakumwona, naye hakumwona aliye nje. Alichosikia ni kapi ikilia, ndoo ya mpira ikipiga maji, na pengine mtu akisema bismillahi. Hapo alisimamisha sindano, akalitaja jina la mwanawe kimoyomoyo, kisha akaendelea kushona. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikiudhika kwa mazungumzo kukatikakatika namna ile. Baadaye nilizoea, nikawa nikisikia ndoo inateremka nanyamaza mwenyewe.

Katika miaka ninayoisimulia, mifereji ya nyumbani ilikuwa ikitoa hewa na kutu kuliko maji. Ulikuwa ukifungua, mfereji unakohoa, basi. Wenye mikokoteni walipita na madumu yao asubuhi na jioni, na wengi wao walikuja kujaza dirishani kwa shangazi, kwa sababu kisima chake kilisifika kuwa na maji matamu, si ya magadi kama ya visima vya upande wa pwani. Muuza kahawa wa pembeni alijaza hapo. Mama wa mahamri alikandia unga maji ya hapo. Mwezi wa Ramadhani sharbati ya futari ya mtaa mzima ilitoka hapo. Shangazi alikuwa na furaha ambayo hakuionyesha sana, maana ilikuwa furaha iliyotokana na shida za watu, na alijua hivyo.

Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na kikundi chetu cha maji na mazingira nilikiingia kwa kuvutwa na mwenzangu wa kazi. Alikuwa bwana mmoja wa bara, Mkristo, mtu mrefu mwenye miwani mizito na subira ya ng'ombe. Samaki alimjua ukubwani, baada ya kuhamia Mombasa, na alipomjua akamshikilia kuliko sisi tuliomkuta mezani tangu utotoni. Jumapili baada ya ibada alikwenda Liwatoni kusikiliza wavuvi wakilalamika, na Jumatatu alikuja kunisimulia mimi malalamiko hayo, kana kwamba mimi ndiye niliyewafukuza changu na tafi. Jaa la taka la Kibarani lilimkosesha usingizi. Kila alipopita Makupa na kuona ule mlima wa taka ukivuja ndani ya maji, na watu hatua chache mbele wanachokonoa chaza, alifika ofisini amenuna. Alisema mji unaokula kutoka baharini hauna haki ya kuijaza bahari takataka. Hakuna aliyempinga, na taka ziliendelea kwenda.

Tuliandaa mikutano. Tulikaribishwa kwenye semina katika mahoteli, tukapewa fulana na maji ya chupa, tukazungumza juu ya mashimo ya vyoo ya Mji wa Kale yanayovuja chini ya ardhi hadi visimani. Wakubwa walitikisa vichwa. Tukarudi nyumbani, mifereji ikakohoa. Fulana zile nilizifanya matambara ya kudekia, na zilikuwa nzuri kwa kazi hiyo, nyuzi zake zilinyonya maji vizuri. Hasira nilikuwa nazo mwanzoni. Zilipokwisha kilichobaki ni uchovu tu, na uchovu hauna sauti ya kuhutubia watu.

Kisha zikaja zile mvua kubwa za mwisho wa miaka ya tisini, ambazo hazikujua kuacha. Vichochoro vilijaa, mashimo ya vyoo yalifura, na maji yalipopungua ugonjwa wa kuhara ukaingia mtaani. Hospitali zilijaa. Kikundi chetu kiliomba visima vipimwe, na kwa mara ya kwanza watu wa afya walikuja haraka, wakachukua maji kwenye chupa ndogo ndogo. Majibu yaliporudi nilikwenda kwa shangazi pamoja na yule bwana wa bandarini.

"Sabalkheri, shangazi."

"Sabalkheri mwanangu. Na mgeni, karibu. Kaeni, maji ya chai yako motoni."

Bwana yule akauliza kwa upole kama yamechemka sawasawa. Shangazi akamtazama.

"Kwani kwenu chai hupikwa kwa maji baridi?"

Akacheka, nasi tukacheka, tukanywa. Kisha nikamweleza kwamba visima vyote tulivyopima vina uchafu wa choo, na chake ni kimojawapo. Nikasema ingefaa watu wasinywe pale kwa sasa, wafulie tu. Alisikiliza hadi mwisho, akakunja kofia aliyokuwa akiishona.

"Mwataka nilifunge dirisha?"

"Kwa muda, shangazi."

"Kisima si changu, mwanangu. N'shakitoa. Kitu ukishakitoa utakitwaaje? Nimpokonye mtoto?"

Yule bwana akaingilia, akasema, "Mama, hatufungi. Tutaweka dawa. Mtu atateka kama kawaida, na maji yatakuwa salama." Uso wa shangazi ukafunguka. Akasema kama ni dawa, tutie hata leo, na Mungu atulipe.

Tulitia. Bwana yule alileta chungu alichokitoboa matundu, akakijaza mchanga na klorini ya unga, akakifunga kamba na kukiteremsha kisimani ili dawa ivuje kidogo kidogo. Aliifanya kazi hiyo kwa makini, mikono ya shati imekunjwa, na shangazi amesimama kando akimwombea dua ambazo mwenzangu hakuzielewa. Tuliondoka tumeridhika. Nakumbuka kuridhika kule kwa sababu sikukupata tena.

Sasa, mtu ambaye hakulelewa kwetu huenda asielewe lililofuata, na bwana wa bandarini hakulielewa mpaka nilipomfafanulia mara kadhaa. Kila mtoto wa Mji wa Kale hufunzwa chuoni namna ya kuyajua maji. Maji mengi hayaharibiki mpaka moja katika mambo matatu libadilike: rangi, ladha au harufu. Tuliimba hayo tukiwa tumekaa kwenye majamvi, kabla hatujajua kuandika majina yetu, na ni mafunzo mema kabisa, yamewalinda watu karne nyingi. Ila hayakutungwa kwa ajili ya kijidudu kisichoonekana wala dawa inayonuka. Maji ya shangazi yalipokuwa na uchafu wa choo, yalikuwa meupe, matamu, hayanuki chochote. Tulipoyasafisha yakanuka.

Muuza kahawa alikuwa wa kwanza. Alinusa ndoo, akamwaga, akasema dirishani kwa heshima zote, "Bibi, yamegeuka harufu. Kahawa yangu itanuka hospitali." Mama wa mahamri akamfuata. Waliokuwa wakichukua ya kutawadhia wakaona heri wasijitie shakani. Katika muda mfupi watu wote wakahamia kisima kingine mtaa wa nyuma, ndani ya gofu la nyumba, ambacho shimo la choo la jirani lilikuwa karibu nacho kiasi cha kuweza kupeana mkono. Kisima hicho nacho kilikuwa kimepimwa, na majibu yake yalikuwa mabaya kuliko vyote. Lakini maji yake yalikuwa meupe, na hayakunuka.

Nilipomweleza yule bwana, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Kwa hiyo tumewatoa kwenye maji safi tukawapeleka kwenye machafu," alisema. Nikamwambia ndivyo. Akaomba tukamwone mwalimu wa msikiti, na mwalimu, Mungu amrehemu, alitusikiliza vizuri barazani pake. Alisema maji yaliyobadilika kidogo kwa kitu kisicho najisi hayana neno, na kuyahifadhi maisha ni wajibu. Akawatangazia watu hivyo hivyo baada ya swala. Watu wakamshukuru kwa elimu, wakatoka, wakachukua ndoo zao, wakaenda gofuni.

Tukazungumza nao mlango kwa mlango. Wakatukaribisha kahawa. Kahawa ya maji ya gofu.

Niliendelea kumtembelea shangazi alasiri, nikitoka kazini. Nilimkuta mkekani, upande wake wa ndani, kofia mapajani, hashoni. Kapi ilikuwa kimya. Kamba ilikuwa imekauka hata ikaanza kukakamaa, na ndoo ya mpira imeachwa kifudifudi juu ya ubao. Hakunilaumu kwa lolote. Alinitilia chai, akaniuliza habari za ofisini, na kila hatua ilipopita kichochoroni alinyanyua kichwa. Hatua zilipita. Siku moja aliniambia, bila hasira, "Mwanangu leo hakupata kitu." Na siku nyingine, "Nirudishieni watu wangu. Kitoeni chungu chenu."

Hapo ndipo nilipochoka kweli. Kukitoa chungu ni kuwaalika watu waje wanywe uchafu. Kukiacha ni kuwaacha wanywe uchafu zaidi kwingine, na shangazi nimemkatia kitu pekee alichoweza kumfanyia mwanawe. Sikuwa na njia iliyokuwa njema. Nikaona nimweleze kwa nini dawa isitolewe, nimweleze hasa, ili angalau avumilie. Nilikuwa nimeshayasema yale maneno katika mikutano mingi hata yalikuwa yakitoka yenyewe, nami nafikiria nitapika nini jioni.

Nikamwambia ugonjwa ule huwawahi watoto kuliko watu wazima. Mtoto huamka asubuhi akiwa mzima, akaanza kuhara na kutapika, na maji yote ya mwilini humtoka. Macho humdidimia. Midomo hukauka. Ukimfinya ngozi ya tumbo hubaki imesimama, hairudi. Huomba maji, akanywa, akayatapika.

"Ngozi hairudi?" aliuliza shangazi.

"Hairudi, shangazi. Hiyo ndiyo dalili tunayowafundisha kina mama."

"Na matozi?"

"Hulia bila machozi. Hayapo tena."

Nami niliendelea kidogo, Mungu anisamehe, kwa mazoea tu, nikafika kwenye chumvi na sukari ya kuchanganya na maji yaliyochemshwa, kabla sijauona uso wake.

Kwetu ilijulikana kwamba mtoto wa shangazi alipigwa na jicho. Hivyo ndivyo ilivyosemwa katika ukoo. Alikuwa mtoto mzuri, mnene, alivalishwa vizuri akapelekwa harusini, akarudi, na siku ya pili akawa hayuko. Sikuwahi kusikia zaidi, wala sikuwahi kuuliza alikufa vipi.

"Alilia hivyo," alisema shangazi. "N'likuwa nikimpangusa mato, makavu. N'kasema mwanangu hana hata matozi ya kunililia."

Niliweka kikombe cha chai mkekani.

"Akitaka maji. Nikimpa, akitapika, nampa mengine. Nikiteka mwenyewe." Hakukitazama kisima. Alitazama mikono yake. "Wakati ule yalikuwa hivi hivi?"

"Sijui, shangazi."

Na kweli sijui. Hakuna aliyeyapima maji ya wakati ule. Pengine mtoto alikula kitu harusini. Pengine maji yalikuwa safi kama yalivyoonekana. Nilimwambia yote hayo, moja baada ya jingine, na nilipokuwa nikisema niliona hayamfikii, na mimi mwenyewe sikuwa nikiyaamini.

"Na miaka yote hii," alisema, "nawanywesha watu kwa jina lake."

Kesho yake alimwita fundi. Sikuambiwa, nilifika alasiri nikakuta ubao umeng'olewa na mawe yameshapangwa dirishani, saruji mbichi. Chungu cha dawa kilikuwa sakafuni, kamba yake imekunjwa vizuri. Shangazi alikuwa chumba cha mbele, ambako hakuwa na desturi ya kukaa. Alikuwa ameshamwuliza mwalimu, na mwalimu amemwambia kuondoa madhara nako ni sadaka. Alinieleza hivyo kama mtu anayetoa habari ya jirani. Nikamshauri, kama anataka, aweke mtungi wa maji yaliyochemshwa mlangoni, aufukize ubani kama zamani, na kikombe juu yake, mimi nitamchemshia. Alikataa.

"Mkono wangu waogopa kumpa mtu maji," alisema.

Watu walisema, bila shaka. Wale wale walioukimbia kisima kwa ajili ya harufu walikasirika kilipozibwa. Walisema uzee umemtia ubakhili. Wakasema amewahi wapi kuonekana mama anayekata sadaka ya mwanawe. Muuza kahawa alimpita barazani bila kusalimia, jambo ambalo kwetu ni zito. Nilitaka nisimame kichochoroni niwaeleze wote. Kazi yangu ni ipi kama si kueleza? Lakini nilipomwambia shangazi nia yangu, alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuijua kuwa anayo.

"Usiwaambie."

"Wakuseme hivi, shangazi?"

"Waache waniseme. Mtaa huu una wangapi waliozika watoto? Wote walikunywa hapa. Ukiwaambia, watakaa waulize nilouliza mimi."

Aliishi miaka michache baada ya hapo, hakukaa tena uani. Bwana wa bandarini alifurahi kusikia mama mwenye kisima ameziba mwenyewe. Aliona kwamba hatimaye tumeshinda pahali pamoja, na sikuwa na moyo wa kumtoa katika furaha hiyo. Alitaka nilisimulie jambo hilo mkutanoni liwe mfano kwa wengine. Tulikuwa katika ukumbi wa shule, kina mama wamejaa, feni haifanyi kazi. Nikaeleza kuchemsha, nikaeleza mashimo ya vyoo, nikaeleza ngozi ya tumbo kwa haraka, nikiangalia dirishani, na shangazi sikumtaja. Nilipomaliza, mama mmoja wa makamo katika safu ya nyuma alinyanyua mkono. Namjua, ni wa mtaa wa shangazi. Aliuliza maji haya yameharibika tangu lini.

"Tangu zile mvua," nilisema.

Nimeulizwa swali hilo mara nyingi tangu hapo, na watu wengi, na sikupata kulijibu vingine.